Kikwapa cha Nureyev

"Shangazi, wenzako wakija Paris wanakwenda kupiga picha Mnara wa Eiffel. Wewe unataka tupande treni masaa mawili na nusu tukaangalie nguo kuukuu?"

Mpwa wangu alikuwa keshanunua tiketi, kwa hiyo nikamwacha aseme mpaka achoke. Mimi ni fundi cherehani, tena mtoto wa fundi. Baba alishona kanzu Ngamiani, pale Tanga, hadi macho yalipomkatalia. Mimi nashona magauni ya harusi. Mnara wa chuma nitaushonea nini? Lakini Moulins, mji mdogo katikati ya Ufaransa, kuna makumbusho yanayotunza nguo za jukwaani zaidi ya 10,000, za opera, maigizo na baleti. Mtu aliyeshindana na neti miaka ishirini kama mimi, hapo ndipo pa kwenda.

Tukaondokea stesheni ya Bercy asubuhi, na sambusa zangu kwenye mfuko. Njiani nikamwambia kuwa huyo tunayekwenda kuziona nguo zake, Rudolf Nureyev, yule mchezaji baleti mashuhuri, alizaliwa ndani ya treni, Machi 1938, mama yake akikatiza Siberia.

"Kumbe alianza safari kabla hajakatwa kitovu," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonyesha kuvutiwa kidogo.

Kilichoniponza siku hiyo ni viatu. Juzi yake nilikuwa nimenunua vile viatu bapa vya kina dada, laini, vilivyo wazi juu ya mguu, na utepe mdogo mbele. Navyo ni watoto wa baleti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viatu vya ngozi vilipatikana kwa mgawo huko Marekani, lakini vya wachezaji dansi havikuwemo kwenye mgawo huo. Mbunifu Claire McCardell akawaomba Capezio, watengenezaji wa viatu vya dansi, waviwekee soli ngumu viweze kutembelewa barabarani. Ufaransa nako, mwaka 1956, Rose Repetto, mtengenezaji wa viatu vya baleti, akamtengenezea mwigizaji wa filamu Brigitte Bardot vyake, na hapo kila msichana akavitaka. Historia nzuri sana, ila kutoka stesheni ya Moulins hadi makumbusho ni kuukatiza mji mzima na mto juu yake, na kabla sijafika katikati kisigino cha kulia kilikuwa keshafanya lengelenge.

Tukapumzika Grand Café, mkahawa wa mwaka 1899 wenye vioo ukuta mzima, unajiona mbele na nyuma ukitafuna. Nilitaka kukaa hapo kwa sababu ya Coco Chanel, yule mbunifu wa mitindo. Kabla hajawa Coco alikuwa Gabrielle, binti asiye na mama, aliyeletwa Moulins kwenye shule ya masista na baadaye akashona dukani hapa hapa mjini. Inasimuliwa kwamba alikuwa pia akirekebisha suruali za maofisa wa wapanda farasi, na jioni akiimba kwenye mkahawa mwingine waliokuwa wakikusanyika wanajeshi hao. Jina la Coco alilipatia huko. Na kambi ya wapanda farasi ndiyo leo hayo makumbusho tunayoyaendea! Mpwa wangu hakuamini, akatafuta kwenye simu, akanyamaza.

Tukavuka mto Allier kwa daraja la Régemortes, la mwaka 1763, lenye matao 13. Maji ni machache, mchanga mweupe ni mwingi, kama mto wa kiangazi kwetu. Ng'ambo ya pili linakusubiri jengo refu la mawe la karne ya 18, lililokuwa karibu kubomolewa kabla ya kuokolewa na kufunguliwa upya mwaka 2006 kwa ajili ya nguo. Farasi wameondoka, zimeingia sketi.

Onyesho la muda lililokuwapo nililipita haraka, sikulijia. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa Nureyev. Ndani giza. Nguo za zamani haziwezi mwanga, zikipigwa na taa muda mrefu rangi inakufa na hariri inakatika kama karatasi, ndiyo maana zikishaonyeshwa miezi michache hurudishwa kabatini kupumzishwa. Unasimama kwanza hadi macho yazoee. Kisha jaketi zinaanza kujitokeza moja moja kutoka gizani: mahameli, darizi ya dhahabu, vito vya bandia vilivyoshonwa kwa mkono.

Kwa mbali unaona mwanamfalme. Mimi nikasogea hadi pua ikakaribia kioo, nikatazama kwapani. Pale mkono unapokutana na ubavu palikuwa na kipande kidogo cha kitambaa kingine, chepesi, kimepachikwa upande.

"Kikwapa!" nikapiga kelele. Mama wa zamu akageuka.

Kanzu ina badani, ina taharizi za ubavuni, na ina kikwapa, kipande kile cha chini ya mkono. Baba alikuwa akisema kanzu bila kikwapa ni gunia: ukinyanyua mikono kuomba dua, nguo nzima inapanda nawe. Nureyev alitaka jaketi fupi, iishie juu ili miguu ionekane mirefu, na alitaka anyanyue mikono yote miwili angani huku kiuno cha jaketi kimetulia mahali pake. Wabunifu wakubwa wamempamba, Nicholas Georgiadis miongoni mwao, lakini suala hilo huwezi kulimaliza kwa dhahabu. Linamalizwa na kipande cha ukubwa wa kiganja ambacho aliyekaa kiti cha nyuma hakioni kamwe.

Mpwa wangu akauliza, kwa sauti ya chini, kama kikwapa kile kingine, kile cha harufu, nacho kimehifadhiwa. Nikamwambia aulize kwa Kifaransa. Mama wa zamu akacheka, akajibu kwamba nguo hizi hazifuliwi ovyo, jasho la mchezaji limo humo humo. Nyumba nyingi za opera zina dawa yake ya siku za maonyesho: vodka ya kupuliza. Inaua harufu na kukauka bila alama. Nimeandika.

Nikakaa kwenye benchi kwa ajili ya kisigino, nikawaza jinsi kila aliyetaka kusogea alivyolazimika kupigana na nguo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza baleti kama Jua mwaka 1653, akiwa na miaka 14, na nguo za jukwaani wakati huo zilikuwa mavazi ya ikulu yaliyozidishwa manyoya. Wanawake walipoingia jukwaani waliingia na marinda hadi chini na fremu ubavuni. Katika karne ya 18 mchezaji Marie Camargo akapandisha sketi juu kidogo ya kifundo cha mguu, kwa sababu alikuwa na miguu ya kasi na nani angeiona? Mjini wakashtuka. Mwaka 1832 akaja mchezaji mwingine, Marie Taglioni, na sketi nyeupe nyepesi ya kitambaa ambacho baba angekiita melimeli, kimepangwa tabaka juu ya tabaka. Wateja wangu wanaoniambia "nataka gauni lifumuke kama wingu" wanamtaka yeye, hawajui tu.

Ila wingu hilo liliua. Mchezaji Emma Livry, Novemba 1862, akiwa mazoezini Opera ya Paris, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi. Kulikuwa na dawa ya kuzuia moto ya kulowekea kitambaa, na sheria ya kuitumia, lakini ilikifanya kitambaa kuwa kigumu na kupoteza weupe wake, naye aliikataa. Aliteseka miezi minane kabla ya kufa. Masalio ya nguo ile yangali yametunzwa Paris, na mimi sikuwa na moyo wa kwenda kuyatafuta.

Kuhusu mitindo, wengi huanzia mwaka 1910, Warusi wa kundi la baleti la Diaghilev walipoonyesha baleti ya Schéhérazade na rangi kali za mbunifu wao wa mavazi, Léon Bakst: chungwa, kijani, buluu, suruali pana zilizobanwa kifundoni. Mwaka uliofuata mbunifu Paul Poiret anawauzia matajiri wa Paris suruali za kike, na magazeti yanapiga kelele kana kwamba dunia imepasuka. Itazame picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, katika mavazi ya Unguja. Suruali ile, tena na marinda yake chini, bibi zetu waliivaa nyumbani miaka mingi kabla Bakst hajashika brashi. Hakuna gazeti lililopasuka.

Chanel naye aliingia jukwaani kwa Diaghilev huyo huyo. Juni 1924, Paris, baleti iliyopewa jina la treni ya anasa ya kwenda pwani ya kusini, Le Train Bleu, ingawa treni yenyewe haionekani humo hata mara moja. Aliwavika wachezaji kama watu wa ufukweni: nguo za tenisi, za gofu, na za kuogelea zilizofumwa kwa sufu. Zilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba sufu ya kufuma inavutika, na mwanamume anayemdaka mwenzake hewani anataka kushika mwili, asiambulie sweta. Ukiniuliza mimi, ndipo ninapowatofautisha mbunifu wa mitindo na fundi wa jukwaa.

Lakini nisimwonee. Uzeeni, aliporudi kazini mwaka 1954, jaketi zake zilisifika kwa kitu kimoja ambacho mafundi tunakiheshimu: tundu la mkono limekatwa juu kabisa, karibu na kwapa, ili mwanamke anyanyue mkono bila jaketi kupanda. Alikuwa akifumua mikono na kuipachika upya mara kwa mara mpaka iridhishe. Yule binti wa suruali za wapanda farasi alikuwa bado yumo.

Jioni tukarudi stesheni kwa teksi, nilikataa katakata kuvuka tena daraja na lengelenge. Treni ilijaa. Mpwa wangu akanyanyua begi langu kuliweka juu, mikono yote miwili, na nikasikia: krrr. Koti lake jipya, la bei, limefumuka kwapani.

"Shangazi, usiseme kitu."

"Vua," nikamwambia. Sindano na uzi mweusi navitembeza kwenye pochi kama wengine wanavyotembeza dawa ya kichwa. Treni ilipofika Nevers upande mmoja nilikuwa nimemaliza, na kutoka kwenye pindo la chini nimepata kipande cha kutosha kupachika wa pili.