Si chai, shangazi

Siku ya tatu baada ya kugawa zawadi zangu za sikukuu, simu ililia. Shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ile chai yako nimeichemsha mara mbili, sukari nimeongeza, lakini utamu wake siuoni. Majani uliweka kidogo, eh?"

Ilinichukua muda kuelewa, maana chai sikumpa. Nilimpa chupa ya vipande vya machungwa vilivyokaushwa, mdalasini, karafuu na nyota za anisi: vitu vya kutia kwenye sufuria ya maji, kuweka juu ya moto mdogo, na kuacha mvuke utembee nyumba nzima. Wengi huiita potpuri ya kuchemsha. Haichomwi kama ubani, haina moshi, na kazi yake ni kunukia tu. Maelezo yote hayo niliyaandika vizuri kwenye karatasi ndogo, nikazikata moja moja, kisha nikazisahau mezani. Chupa zikaenda bila neno hata moja. Ukimpa mtu mdalasini na karafuu kwenye chupa safi yenye utepe, atafanya nini zaidi ya kunywa?

Nasimulia haya kwa sababu kila mwaka mtu huniuliza nazitengenezaje, nami hujibu kwa kifupi, halafu anarudi kulalamika kwamba zake zimeota ukungu. Nami zangu ziliota. Kabla hata ya kisa cha shangazi, mzigo wangu wa kwanza kabisa uliishia kwenye pipa la taka.

Wazo lilinijia kwa sababu nina watu wengi wa kuwashukuru mwisho wa mwaka, na sipendi kuhangaika madukani siku mbili kabla ya sikukuu. Nikasema nitengeneze mapema, wiki tatu kabla, nijipumzishe. Nikakata machungwa, nikayaweka kwenye oveni saa mbili hivi, nikayatoa yakiwa yamepinda na kubadilika rangi. Kwa macho yalikuwa makavu. Nikajaza chupa kumi na mbili, nikafunga mifuniko kwa nguvu, nikazipanga kabatini. Nilipozitoa baada ya siku tisa, vioo vilikuwa na ukungu wa maji kwa ndani, na juu ya machungwa kulikuwa na manyoya meupe na kijani. Baadaye nikasoma kwamba neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa, pot-pourri, na maana yake ni chungu kilichooza. Nikaona basi, angalau jina nimelitendea haki.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kazi yote ya zawadi hii ni kukausha. Mengine ni kupanga tu. Kipande cha chungwa hutangulia kukauka pembeni, na katikati, pale palipo nyama na mbegu, maji hubaki yamejificha. Ukikifungia kwenye chupa, yale maji hutoka taratibu, hayana pa kwenda, na ukungu hupata makao.

Sasa nafanya hivi. Machungwa nayakata kwa kisu kikali, unene wa nusu sentimita, vyote vilingane kadiri mkono unavyoweza. Kipande chembamba sana huungua kabla ya wenzake. Kinene hukufanya ukeshe. Mbegu natoa zote. Kisha nakamua kila kipande kidogo kati ya vitambaa viwili safi ili juisi ya juu iondoke, jambo dogo ambalo huokoa kama saa nzima ya oveni. Navipanga juu ya waya, si moja kwa moja kwenye trei, ili hewa ipite chini. Moto ni nyuzi 95 za Selsiasi, au wa chini kabisa ambao oveni yako inaweza. Kila saa moja nageuza. Huchukua saa tatu mpaka nne, wakati mwingine zaidi. Mlango wa oveni nauacha wazi kidogo, upana wa kijiko cha mbao, ili mvuke utoke. Ukiufunga kabisa machungwa hupikwa badala ya kukauka. Kama una watoto wadogo wanaozungukazunguka jikoni, usifanye hivyo: ufungue mara moja moja tu mvuke utoke.

Jaribio la mwaka huo huo, la kukomboa wakati, nilipandisha moto hadi nyuzi 150. Niliokoa muda kweli. Nikapata vipande vyeusi vyenye harufu ya sukari iliyoungua, na jikoni ilinuka hivyo siku mbili.

Vikishatoka kwenye oveni, vinakaa juu ya waya siku mbili nzima mahali pasipo na unyevu. Halafu linakuja jambo ambalo hakuna aliyeniambia na ambalo ningependa kila anayeanza alijue: usipange zawadi bado. Tia machungwa yote kwenye chupa moja kubwa ya kioo, ujaze theluthi mbili tu, ufunge, na uiache wiki moja. Kila siku itikise na uitazame. Ukiona jasho kwenye kioo, hata tone, yarudishe yote kwenye oveni. Ukiona vipande vinagandana na kukataa kuachana, vilevile. Vikigongana na kulia kama vigae, viko tayari. Tangu nianze kufanya hivyo sijatupa chupa hata moja.

Viungo ni rahisi zaidi, lakini navyo vina ukorofi wake. Lazima viwe vizima. Mwanzoni nilikuwa na unga wa mdalasini nyumbani nikaona niutumie. Ulitulia chini ya sufuria ukaungua, na maji yakawa kama ya mafuriko. Isitoshe, kiungo kilichosagwa hupoteza harufu haraka kikikaa kwenye chupa, wakati kijiti kizima huishikilia kwa miezi mingi. Mdalasini ninaopendelea ni ule wa ganda nene na gumu, unaojikunja mara moja au mbili tu. Ule mwingine wa tabaka nyembambanyembamba, unaovunjika kwa vidole, ni mtamu kwenye chakula, lakini kwenye sufuria ya maji naona haustahimili, na harufu yake ni ya upole mno mbele ya karafuu.

Karafuu, jamani, kwa kiasi. Kila mtu anayetengeneza mara ya kwanza hujaza karafuu kwa sababu ni nzuri kutazama. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno wamekitumia kwa muda mrefu. Ukizidisha, sebule yako itawakumbusha wageni siku waliyong'olewa jino. Kwa chupa ya nusu lita naweka kijiko kimoja cha chai, vijiti vitatu vya mdalasini vilivyovunjwa, nyota za anisi tatu au nne, vipande sita vya chungwa na viwili vya limau, na tangawizi iliyokaushwa kidogo. Wakati mwingine rozimari, lakini iwe kavu kabisa. Nilishawahi kuchomeka tawi bichi kwa ajili ya urembo, na unaweza kukisia kilichofuata.

Kisa cha shangazi kilinifundisha uteuzi mwingine. Kabla yake nilikuwa nafikiria kudondoshea mafuta ya manukato ili harufu iwe kali. Sasa sitii kitu chochote ambacho mtu akikimeza kwa bahati mbaya kitamdhuru, na viungo vyote nanunua vile vinavyouzwa kwa ajili ya chakula, si vile vya mapambo. Kwa nyota ya anisi hili si suala la upendeleo. Ile ya kula inatoka mti wa Kichina, na ina ndugu yake wa Kijapani anayefanana nayo sana ambaye ni sumu. Kwa macho si rahisi kuzitofautisha.

Chupa napanga kwa tabaka, machungwa yakiegemea kioo ili yaonekane. Utepe, kitambaa juu ya mfuniko, hayo kila mtu na macho yake. Mimi si fundi wa urembo.

Maelezo ndiyo nayasisitiza. Sasa nayabandika kwenye chupa yenyewe, maana karatasi ya pembeni hupotea. Naandika: mimina kwenye sufuria, ongeza lita moja ya maji, acha yachemke, kisha punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu. Hapo ndipo watu hukosea, wanadhani moto mkali utatoa harufu zaidi. Nami nilidhani hivyo. Harufu ya chungwa imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta kwenye ganda, na mafuta hayo kwa wingi ni limonini, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176. Lakini ikiwa pamoja na maji, mvuke huibeba polepole hata chini ya nyuzi 100. Moto mkali huimaliza yote katika dakika chache na kukuachia maji ya kahawia. Moto mdogo hukupa mchana mzima.

Kila nusu saa tazama maji, ongeza yakipungua. Usitoke nyumbani, usilale. Hili naliandika kwa herufi nene, kwa sababu sufuria ikikauka huwa ni moto halisi. Yangu iliwahi kukauka nikiwa kwenye simu chumba cha pili. Kilichonishtua ni harufu kugeuka kuwa ya sukari inayoungua. Sufuria ilipona baada ya kulowekwa usiku kucha na kusuguliwa sana. Ukimaliza, maji na viungo vyake vinaweza kukaa kwenye friji na kuchemshwa tena kesho yake, hata keshokutwa. Baada ya hapo harufu huwa ya kukumbuka zaidi kuliko ya kusikia.

Na mstari mmoja wa mwisho: wenye paka, usiache maji hayo mahali paka anaweza kuyafikia. Ini la paka halimudu kuvunja baadhi ya vitu vilivyomo kwenye mafuta ya machungwa na karafuu kama letu linavyomudu. Rafiki yangu mmoja mwenye paka wawili sasa nampelekea kitu kingine kabisa. Mwanzoni alinuna, akadhani nimempunguza daraja.

Mwaka uliofuata nilikuwa tayari. Chupa kumi na nne, kavu, zimekaa wiki nzima bila jasho, maelezo yamebandikwa, na juu kabisa ya kila lebo nikaandika kwa herufi kubwa: SI CHAI. Ya shangazi nikaiandika mara mbili, mbele na nyuma.

Akapiga simu jioni ile ile.

"Mwanangu, nimeipokea, nyumba yote inanukia, Mungu akubariki. Nimeona umeandika si chai."

"Ndiyo shangazi."

"Sawa. Sasa ile ya mwaka jana, ya kunywa, mwaka huu hukutengeneza?"