Nilivyoipata hadithi nzima ya Ashbringer nikiwa Mwanjelwa

Hadithi ya upanga wa Ashbringer ninayo yote sasa, na nimeitoa ndani ya mchezo wenyewe wa kompyuta, World of Warcraft. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu kila niliyemwuliza alinipa ushauri uleule: soma muhtasari, dakika tano umemaliza. Mwingine akaniambia upanga ni namba tu, angalia unaumiza kiasi gani, maneno ruka. Watu hao wanalipia mchezo mwezi hadi mwezi, na hawajui kwa nini askari wa Scarlet Monastery, ngome ya kidini ndani ya mchezo, wanaupigia magoti.

Hadithi hii haikuwekwa mahali pamoja. Kipande kiko kwenye kanisa, kingine kwenye ngome ya wafu, kingine anacho mtu aliyefichwa nyuma ya ukuta. Na vingine havifunguki mpaka mtu aingie akiwa ameushika upanga mkononi. Muhtasari hauwezi kukupa hilo.

Nacheza toleo la Classic, yaani mchezo wa zamani uliorudishwa, lililotoka Agosti 2019, kwenye seva ya Ulaya. Kipindi cha baridi, saa mbili usiku kwao ni saa nne Mbeya, saa nzuri kwa bando la usiku, ila ndiyo saa umeme ulikuwa ukipenda kukatika mtaani kwetu. Mjomba wangu ana duka la vifaa pale Mwanjelwa, akaniazima betri ya sola na invata ndogo. Simu ya kurusha intaneti niliifunga kwenye nondo za dirisha la upande wa mlima Loleza, maana huko ndiko mtandao ulitulia. Gharama zote hazikuzidi za mtu anayeshinda baa wikiendi.

Naxxramas, ile ngome ya wafu, ilipofunguliwa Desemba 2020 tukaingia watu 40, mimi paladini, askari wa Nuru, wa kuponya wenzangu. Ndani yake wamo Wapanda Farasi Wanne, na mmoja wao ni Alexandros Mograine, yule aliyekuwa mwenye Ashbringer, sasa amefufuliwa kuwatumikia aliokuwa akiwaua. Ukiwashinda, upanga unaweza kutoka, lakini umeharibika kama mwenyewe. Ukatoka. Ukaenda kwa jamaa mwingine, na mimi nikafurahi kama niliyepewa, kwa kuwa shida yangu haikuwa kuumiliki. Nilimbembeleza tuende naye Scarlet Monastery, na nikamsisitiza: uwe mkononi, usiuweke kwenye mfuko.

Hapa ndipo ujanja wangu ulipo, na sijaona mtu akiutaja. Kabla ya kuingia andika /chatlog. Kuanzia hapo mchezo unaandika mazungumzo kwenye faili ndani ya folda ya Logs. Mtandao ukikwama, maneno yakapita upesi, utayasoma asubuhi. Jamaa naye nilimwomba arekodi sauti ya mchezo, kwa sababu upanga ule humnong'oneza aliyeushika, na mnong'ono huo mwingine hausikii. Faili lake aliponitumia nilikaa nalo hadi chai ikapoa. Upanga unakumbuka ulivyokuwa safi zamani. Unalalamika kusalitiwa. Halafu unamtaka awaue wote.

Tukaingia kanisani. Maadui waliotuua mara kwa mara wahusika wetu walipokuwa bado wachanga, safari hii wakapiga magoti. Mbele kabisa yupo Renault Mograine, mtoto wa Alexandros, kamanda wao. Akapiga magoti naye, akashangaa umetoka wapi. Mara baba yake akatokea, kivuli cha marehemu, akamwita kwa jina. Renault akaomba msamaha. Baba akamjibu kwamba amesamehewa, kisha akamuua palepale. Ndiyo namna unavyojua nani alimuua Alexandros na kwa upanga gani, bila msimulizi kukuambia. Nilisimama kwenye kiti usiku ule.

Wengi huishia hapo, wakakosa utamu. Ndani ya kanisa lilelile kuna mwenge ukutani. Ubofye, ukuta unafunguka, na chumbani yumo Fairbanks, aliyekuwa mtu wa karibu wa Alexandros. Ukija bila upanga atakupiga. Ukija nao atakusimulia usaliti ulivyopangwa. Maneno yake hayaingii kwenye faili la mazungumzo, kwa hiyo piga picha za skrini, kila ukurasa. Anamalizia kwa kusema kuna mtoto wa pili, atafutwe Outland, dunia nyingine ya mchezo.

Sasa sikilizeni. Burning Crusade, nyongeza inayoifungua Outland, ilipofika kwenye Classic mwaka 2021, wakanijia wajuzi: nenda Outland, fuata maneno ya Fairbanks. Nikaenda. Nilizunguka Hellfire Peninsula, nikapita Nagrand, nikaingia Shadowmoon Valley, nikizungumza na kila mhusika anayekubali kuzungumza, bando zikiisha nikiwa juu ya mnyama wa kupanda. Hakuna mtoto. Watengenezaji walilitupa jambo hilo hewani na hawakulimalizia huko. Mtoto wa pili ni Darion, na yuko Northrend na Light's Hope Chapel, kwenye nyongeza inayofuata, Wrath of the Lich King. Asiwadanganye mtu mkachoma bando Outland.

Kumpata Darion, tengeneza mhusika wa Death Knight, askari aliyefufuliwa. Utaanza upande wa waovu, chini ya Darion mwenyewe, hadi vita vya Light's Hope. Hapo Darion anamrushia Tirion Fordring, paladini mkongwe, ule upanga, na mikononi mwa Tirion unatakasika. Mbele zaidi, kileleni mwa Icecrown, Tirion anaivunja Frostmourne, upanga wa mfalme wa wafu, kwa upanga huohuo.

Mwanzo wake niliupata mwisho, kwenye Legion, nyongeza ya 2016 ya toleo la kawaida, ambako paladini wa Retribution, yaani wa kushambulia, hukabidhiwa Ashbringer baada ya Tirion kufa. Kwenye ukumbi wao kuna kitabu cha silaha hiyo, na kurasa zilikuwa zikifunguka kadiri ulivyoiongezea nguvu. Alexandros alipata jiwe jeusi kwa orki, wakalielekezea Nuru, likageuka jeupe. Mfalme Magni Bronzebeard ndiye aliyeufua upanga kutokana na jiwe hilo, kwenye mji wake wa Ironforge, akiwa na uchungu wa ndugu yake Muradin aliyeaminika kufa Northrend.

Hicho ndicho kipande nilichomsomea mjomba dukani. Yeye ni Mkinga wa Makete, ukoo wake walikuwa wahunzi.

"Shikamoo mjomba. Yule mfalme alifua akiwa na msiba."

"Marahaba. Basi msiba uliingia kwenye chuma," akasema. "Kwetu mhunzi mwenye hasira hawamwachii tanuru. Huyo mtoto aliyemuua baba, alijua nani aliufua?"

Swali hilo sikuwahi kulisikia kwa wachezaji. Nilirudi kwenye mafaili na picha zangu, nikazipanga upya kuanzia kwa Magni. Anayetaka mpangilio huo aanzie Ironforge, aende Scarlet Monastery na mwenye upanga, kisha mji wa Stratholme apigane na Dathrohan, mkubwa wa askari hao wa Scarlet, aone pepo Balnazzar akitoka ndani yake, maana ndiye aliyemshawishi Renault. Darion aje baada ya hapo.