Hilux ya dizeli ikichemsha, anza na silinda hedi

Kwenye Hilux za zamani zenye injini ya 3L (jina la injini, si lita tatu), gari likichemsha na kumaliza maji bila kuvuja popote, shuku silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi juu, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yasipokoma, presha ya silinda inaingia kwenye maji, na hedi lazima ifunguliwe na kushushwa.

Tafadhali, usibadilishe gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini) peke yake! Hedi hizi hupasuka katikati ya vali, ufa mwembamba sana. Ipimwe kwa presha karakana, na unyoofu wake ukaguliwe. Kisha tafuta kilichochemsha: rejeta iliyoziba, feni isiyovuta, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) iliyoganda. Kuing'oa themostati bila kuweka nyingine, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, si tiba.