Siku Mjomba Alipozifungua Droo za Mama

Kabati la nguo la mama lilikuwa na droo nne za mbao, na katika msimu mmoja wa mvua droo ya pili kutoka juu ilikataa kabisa kufunguka. Upande wa kushoto ulitoka kiasi cha vidole viwili, upande wa kulia ukabaki ndani, na kadiri mama alivyoivuta ndivyo ilivyozidi kukaa kombo na kung'ang'ania. Alikuwa ameanza kuzungumza habari za kutafuta kabati jingine. Kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa amefanya useremala karibu maisha yake yote kabla ya kustaafu, hakuyapenda maneno hayo. Alikuja asubuhi moja na mfuko wake wa vifaa, akaniita nimsaidie.

"Dada, hili kabati ni zima," alimwambia mama. "Niachie mpwa wangu mpaka jioni."

Hakuivuta ile droo iliyokwama. Aliitoa kwanza ya juu yake, na kwa kuwa kati ya droo na droo hapakuwa na ubao wa kutenganisha, aliingiza mikono kwa ndani akaisukuma ile ya pili pande zote mbili kwa pamoja, taratibu, hadi ikanyooka na kutoka. Tulizitoa zote, tukahamisha nguo, kisha akaniambia niandike kwa penseli nambari ya kila moja nyuma yake. Sababu yake ilinikaa akilini tangu siku hiyo: katika kabati lililotengenezwa kwa mkono, kila droo imerandwa ili iingie kwenye nafasi yake peke yake, na ukizibadilishana zinaweza kukwama hata kama hakuna iliyoharibika.

Nilitarajia achukue randa. Badala yake aliweka juu ya kabati pima maji, kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, tukaona kwamba limeinama mbele upande mmoja, na mguu wa nyuma ulikuwa haujakanyaga sakafu sawasawa. Kabati likisimama hivyo mwili wake hujipinda, na uwazi ambamo droo huingia, ambao unapaswa kuwa na pembe mraba, hupogoka kidogo sana kiasi kwamba jicho halioni. Uzi ndio unaoona. Tuliuvuta kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, kisha kati ya zile kona mbili nyingine, na vipimo havikulingana. Mjomba alichonga kabari nyembamba, akaisukumiza chini ya mguu, akapima tena hadi vikalingana. Tuliporudisha droo ya kwanza iliteleza vizuri, nayo haikuwa imeguswa na chombo chochote. Naamini hadi leo kwamba droo nyingi huparuliwa bure kwa kosa la sakafu.

Droo ya pili ilibaki nzito. Hapo alinipa kipande cha chaki nisugue kingo zake zote, kisha niisukume ndani na kuitoa. Mahali palipofutika chaki ndipo palipokuwa pakigusa: ukingo wa juu wa ubao wa kulia, karibu na nyuma, na kwingine kote chaki ilikuwa imebaki kama nilivyoipaka. Mjomba alinieleza kwamba mbao hunywa unyevu wa hewani na kuvimba, lakini huvimba kwa kukatiza nyuzi zake, na kwa urefu wa nyuzi haiongezeki kwa kiasi cha kuhesabika. Katika ubao wa ubavuni wa droo nyuzi hulala kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo mvua zinapokuja ubao huo haurefuki, bali hupanda kimo, na ndiyo maana droo iliyokuwa nyepesi wakati wa kiangazi hukwaruza kwa juu wakati wa masika.

Kwa sababu hiyo hakutaka kuranda mara moja. Tulizisimamisha droo zote katika chumba kikavu chenye hewa, tukashughulikia ndani ya kabati. Reli za mbao zilikuwa zimelika mifuo kwa miaka ya kubeba uzito, na kichwa cha msumari mmoja kilikuwa kimechomoza na kuchora mstari chini ya droo ya tatu. Msumari aliuzamisha chini ya uso wa mbao. Reli iliyolika zaidi aliisawazisha kwa patasi, akagundisha juu yake ukanda mwembamba wa mbao ngumu, akaubana hadi gundi ikashika. Nilimwona akipitisha kidole juu ya kiungo kile mara kadhaa, na hakuridhika hadi hapakuwa na ngazi yoyote ya kukwaza.

Sakafu ya droo ya tatu, iliyokuwa ya plaiwudi, ilikuwa imelegea katikati kwa kujazwa mablanketi, ikawa inaburura juu ya fremu ya mbele. Tuliichomoa kwa nyuma, tukaigeuza chini juu, tukairudisha kwenye mfuo wake bila gundi.

Jioni ilipokaribia tuliijaribu tena droo ya pili. Ilikuwa imepungua ukaidi, ila bado iligusa palepale. Sasa ndipo mjomba aliposhika randa, akatoa maranda mepesi kwa kufuata nyuzi, akajaribu, akatoa tena kidogo, akajaribu. Baada ya hapo mimi nilipiga msasa namba 120 na kumalizia na namba 220, nikapangusa vumbi lote kwa kitambaa kikavu.

Mama alipendekeza mafuta ya kupikia. Mjomba alimkatalia kwa upole: mbao isiyo na rangi huyafyonza mafuta, yakikaa hukamata vumbi na kugeuka ulimbo, na mwisho huchafua nguo. Sabuni aliikubali kama hakuna kingine, lakini huvuta unyevu, jambo lisilofaa kwa droo zinazosumbuliwa na unyevu. Tulitumia mshumaa mweupe wa kawaida. Nilisugua juu ya reli, kwenye kingo za chini za droo na zile za juu, nikaipitisha kila droo ndani na nje ili nta ienee. Sauti ya kukwaruza ilikwisha, na mama akaifungua ile ya pili kwa mkono mmoja. Mjomba akamwomba atumie vishikio vyote viwili kila mara, kwa kuwa droo pana ikivutwa upande mmoja lazima iende kombo, na akahamishia mablanketi kwenye droo ya chini kabisa.

Droo hizo za chuma zenye reli za magurudumu, ambazo ndizo nilizo nazo nyumbani kwangu sasa, hazina habari ya nta. Huhitaji kufutwa vumbi na kukazwa skrubu zake.

Droo ya nne ilikuwa bado inakaza kidogo tulipomaliza, nami nilikuwa tayari kuiranda. Mjomba alikataa, akisema mbao ile ilikuwa imevimba kupita kimo chake cha kawaida, na kitakachoondolewa leo hakitarudi mvua zikikatika. Tuliiacha. Kiangazi kilipofika ilikuwa ikiteleza yenyewe, ikiwa na nafasi ndogo tu ya kuchezea juu yake. Wakati huo mbao zikiwa kavu, alikuja tena tukapaka vanishi nyembamba ndani na nje ya mbavu za droo zote ili unyevu uchelewe kuingia, tukaziacha wazi zile kingo zinazosuguana, tukazirudishia nta.