Kushuka Karugutu, Mahali Msitu wa Kongo Unapoanzia

Ukitoka Kampala kwenda magharibi kwa barabara ya Masaka na Mbarara, wanyama hubadilika njiani. Pale Ziwa Mburo niliona makundi ya swala pala chini ya migunga, na punda milia wakila majani jirani na ng'ombe wa Ankole wenye mapembe marefu. Baada ya saa chache nilikuwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, na huko hakuna pala wala punda milia. Mbuga imejaa kob, swala mwekundu aliye kwenye nembo ya taifa la Uganda.

Pala ni mnyama wa savana ya mashariki na kusini. Nchi yake inateremka hadi Afrika Kusini. Kob ni wa savana ya kaskazini, ule mkanda unaoanzia Senegal. Savana hizo mbili zinakutana katika pembe hii ya Uganda, na kila moja imekuja na wanyama wake.

Lakini mimi nilikuwa nafuata mpaka mwingine, ule wa msitu wa Kongo. Fort Portal nikapanda taksi ya Bundibugyo. Barabara ya lami inajipinda kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, joto linapanda kila kona, hadi Karugutu njia inapogawanyika. Ukienda kaskazini unaingia pori la akiba la Toro-Semliki, nyasi tupu na kob wengi. Ukishika magharibi, unapita chini ya Rwenzori na baada ya muda mfupi umezungukwa na msitu. Bonde ni lile lile, lakini wanyama wa njia hii ni wengine kabisa.

Hifadhi ya Taifa ya Semuliki ina kilomita za mraba 220 tu, na ilitangazwa mwaka 1993. Ni ncha ya mashariki ya msitu wa Ituri, ulioko Kongo. Watalii wengi huishia kwenye chemchemi za Sempaya, wachemshe mayai, wapige picha, warudi. Sina ubaya na chemchemi, ila utajiri uko ndani.

"Afande, hapa ni Uganda kweli?" nilimuuliza askari wa wanyamapori aliyeniongoza kwenye njia ya Kirumia.

"Kwa karatasi, mzee," akajibu. "Kwa ndege, tumeshaingia Kongo."

Alikuwa sahihi. Semuliki ina zaidi ya aina 400 za ndege, na baadhi yao katika Afrika Mashariki yote wanapatikana hapa tu. Chini ya miti ya muhimbi tulimwona hondohondo mwenye kishungi cheupe akifuata kundi la nyani wadogo; anangoja wadudu wanaoshtuliwa na nyani matawini. Kando ya vijito anaishi mnyama mdogo afananaye na paa, ambaye akitishwa hujitosa majini na kuzama. Sikumwona, ila afande alinionyesha nyayo zake kwenye tope.

Kwa nini hawa hawaendi mbele zaidi? Mashariki yao kuna ukingo wa bonde na baridi ya Rwenzori, mlima wenye kilele cha mita 5,109. Kaskazini kuna nyasi. Ndege aliyezoea kivuli cha tambarare yenye joto hana pa kupitia. Tena katika zama za barafu, miaka kama 18,000 iliyopita, Afrika ilikuwa kavu na misitu ilinywea ikabaki vipande vipande. Huku mashariki mwa Kongo miti ilisalia, na viumbe wake wakasalia nayo.

Nilipofika Mto Semuliki ndipo nilipolielewa jambo lenyewe vizuri. Mto huo ndio mpaka wa serikali mbili, lakini ng'ambo nilikuwa naona muhimbi ile ile. Si kwamba maji hayawezi kuwa ukuta. Mto Kongo umewatenga sokwe, walio kaskazini yake, na bonobo, walio kusini, hadi wakawa aina mbili. Pale Murchison Falls, twiga walikuwa kaskazini mwa Nile pekee, hadi mwaka 2016 Mamlaka ya Wanyamapori ilipowavusha baadhi yao kwa pantoni.

Semuliki haina nguvu hiyo. Ni mto wa tambarare, unajinyonganyonga, unakula ukingo huu na kujaza ule, na humo msituni umeacha madimbwi yenye umbo la mundu palipokuwa njia yake ya zamani. Kila unapokata kona, kipande cha msitu kinahamia ng'ambo pamoja na nyani wake na vyura wake bila yeyote kuogelea. Nyani wa pande mbili hawapati muda wa kutengana hadi wakawa jamii mbalimbali, maana maji yanayowatenga yenyewe hayatulii.