Nilivyoutuliza uchungu wa bia kwenye tangi la lita 500, Arusha

Bia kuwa chungu si kosa. Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, tunazinunua kwa sababu hiyo. Kinachofukuza wateja ni uchungu usiotabirika. Wiki hii bia laini, wiki ijayo chungu kama shubiri, na mwenye baa anapiga simu kuuliza, "Kaka, umebadilisha nini?" Ukipika lita 20 nyumbani, marafiki watakutania na yataisha. Lita 500 zilizokwisha kulipiwa kodi hazina utani.

Mapishi yangu ya kwanza yalitoka Dar, pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Nyuzi tano hizo si mchezo. Asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi haziipi bia uchungu wake mpaka moto uzibadilishe umbo, na kwenye nyuzi 95 mabadiliko hayo hupungua kasi kwa karibu theluthi. Mvuke unapaa, tangi linatokota, macho yanakuambia mambo safi, kumbe kazi inakwenda polepole.

Kwa hiyo nilianza kupima hopsi kwa asidi yake, nikaacha kufuata gramu za mapishi. Chukua bia ya IBU 25, yaani miligramu 25 za asidi iliyokwisha kubadilika katika kila lita. Kwa lita 500 ni gramu 12.5. Pwani ningetegemea robo ya asidi ifike kwenye bia, na hopsi zenye asidi ya alfa asilimia 12.5 zingetosha gramu 400. Huku naweka makadirio ya asilimia 20, na mizani inasoma gramu 500. Kila pakiti ina asilimia yake, na aina ileile hubadilika mavuno kwa mavuno, kwa hiyo hesabu inarudiwa kila mzigo mpya unapofika. Pakiti iliyofunguliwa inafungwa tena bila hewa na kurudi kwenye friza siku hiyohiyo, maana joto na hewa huila asidi hata kama karatasi ya nje bado inasoma 12.5.

Hesabu ikakaa sawa, lakini malalamiko hayakuisha. Mzee mmoja, mnywaji wa siku nyingi, akaniambia, "Kijana, uchungu wako siugombi. Ila unakwaruza, halafu hauondoki kooni." Hapo nikajua tatizo si wingi tena, ni aina ya uchungu, na nikageukia maji.

Maji ya ukanda huu wa Meru yanajulikana kwa floridi, na mengi yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Bikaboneti ya kalsiamu ukiichemsha inatulia chini kama chokaa nyeupe. Ya sodiamu inabaki humohumo, chemsha mpaka uchoke. Maji ya namna hiyo hupandisha pH ya kimea (kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua), maganda ya shayiri yanatoa ukakasi wake, na hopsi nazo zinatoa uchungu wa kuparuza. Dawa yangu ikawa mtambo wa RO, unaochuja maji kwa utando na kuyatoa karibu chumvi zote, kisha kuyarudishia maji kloridi ya kalsiamu na jasi kidogo. Jasi ukiizidisha uchungu unakuwa mkali upya. Mchanganyiko wa kimea naushikilia kwenye pH 5.3 hadi 5.4, sampuli ikiwa imepoa. Maji ya kusuuzia machicha natia asidi ya laktiki, nayaweka chini ya nyuzi 77, na nasimamisha kusuuza pH ya yanayotoka ikikaribia 5.8. Lita chache zinazobaki kwenye machicha wafuga nguruwe wachukue tu.

Maji yakishabadilika, rudi kwenye mizani, kwa sababu pH ikishuka hopsi pia hutoa pungufu kidogo. Ndiyo maana namshauri anayeanza ashughulikie maji kwanza, gramu baadaye.

Lipo pia jambo ambalo sufuria ya lita 20 haikufundishi. Ukizima moto, tangi kubwa halipoi. Kuzungusha, kusubiri mashapo yatulie, kupitisha kwenye kipoozeo, yote hayo ni karibu saa nzima ya moto, na hopsi ulizotia mwishoni kwa ajili ya harufu zinaendelea kutoa uchungu. Sasa nashusha joto hadi nyuzi 78 ndipo nazitia. Harufu inabaki, uchungu unaongezeka kidogo sana.

Kifaa cha maabara cha kusoma IBU sina. Napanga glasi tatu, mbili za tangi moja na moja ya tangi jingine, namwita yeyote aliyepo aitafute iliyo tofauti. Wengi wakiikosa, matangi yanafanana vya kutosha kuuzwa kwa jina moja. Wakiipata, nachanganya kabla ya kutia gesi: nusu ya IBU 32 na nusu ya 20 inanipa 26, na hakuna simu inayopigwa.

Bia nyeusi peke yake ndiyo ninayoipika kwa nusu maji ya kisima. Kimea kilichokaangwa kina uchachu wake unaoizima ile bikaboneti. Nusu nyingine ni ya RO, ili kupunguza floridi.