Nilivyoyazoea maneno ya udogo nikihudumia wazee Glasgow

Nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee huku Uskoti, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: 'small', 'very small', basi. Wazee wenyewe wanasema 'wee'. Chai ni 'wee', usingizi wa mchana ni 'wee', hata mazungumzo na daktari ni 'wee'. Lakini mpelekee bibi nusu kikombe uone, atakuuliza chai nyingine iko wapi! Ni udogo wa adabu, kama sisi tunavyoomba "tuongee kidogo" na maongezi yakala saa nzima.

Ugumu ni kwamba 'wee' ni haja ndogo pia. Nilichojifunza ni kusikiliza neno linalofuata. Mzee akisema 'I need a wee seat', mletee kiti. Akiishia kwenye 'wee', mshike mkono upesi mwende msalani.

Mengine niliyaandika daftarini, nikayapanga kwa moyo wa msemaji wala si kwa alfabeti. 'Teeny-weeny' na 'itty-bitty' ni ya kubembeleza. Ndiyo wanayotumia wakitazama picha za vitukuu wachanga. 'Smidgen' ni ya jikoni, chumvi ya kuonjea tu. 'Tad' inakwenda mbali zaidi, hata chumba kikiwa na ubaridi kidogo ni 'a tad cold'. 'Poky' ni lawama, chumba kinachobana. 'Dinky' ndiyo ya kuangalia sana: Mwingereza akiita kitu hivyo anakisifu, ni kidogo na kinapendeza. Dada yangu aliyeko Marekani akiniambia hoteli ilikuwa 'dinky', analalamika.

Ninayoipenda kuliko zote ni 'titchy'. Imetokana na mchekeshaji Harry Relph, aliyezaliwa 1867, mtu wa sentimita 137 hivi, aliyecheza jukwaani kwa viatu vyenye soli ndefu ajabu. Jina lake la kazi lilikuwa Little Tich. Alifariki 1928, na hadi leo mtu mfupi Uingereza huitwa 'titch'.

Sasa nayatumia kila siku, na naona wazee wanavyochangamka wakiyasikia kwangu. Kwenye ripoti ya zamu tu ndiko siyaandiki. Bibi akinywa 'a wee drop' ya maji, naandika mililita 50, maana muuguzi wa usiku anataka kujua amekunywa kiasi gani.